Kazi ya kulipua hujificha pale mwenye nyumba asipoweza kuinama

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Sisi ni mafundi bomba, na kinachotukera ni kazi za kulipua, yaani za haraka na za ovyo, zinazofanywa kwenye nyumba za watu wasioweza kuzikagua: wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa wa kitandani, wasioona, watumiaji wa viti vya magurudumu, mama mwenye kichanga ambaye hata usingizi haupati. Kila jambo hili linapotajwa, watu hukimbilia kuzungumzia bei. Mzee katozwa mara mbili, bibi kalipishwa kipuri ambacho hakikufungwa. Ni kweli, na ni wizi. Lakini wizi huo ni wa siku moja. Jointi mbovu iliyofichwa nyuma ya kabati humla mzee huyo usiku na mchana, kwenye bili ya maji, kwenye ukuta unaoota ukungu, na kwenye sakafu yenye utelezi anayoikanyaga alfajiri akienda chooni.

Kazi ya bomba hukaguliwa kwa magoti na tochi. Anayetaka kujua kama imefanywa sawasawa lazima apige magoti chini ya sinki, apande darini, au asimame mbele ya mita asome namba ndogo. Asiyeweza hayo matatu hana njia ila kuamini maneno ya fundi, na kanjanja anazijua nyumba hizo. Hatulengi fundi asiyejua kazi peke yake. Wapo wanaoijua vizuri, ila wakifika kwa mtu ambaye hatainama kuangalia, wanafunika kombe mwanaharamu apite.

Tuanze na silikoni, maana ndiyo saini yao. Ukiona jointi ya bomba la presha imepakwa silikoni kwa nje, ujue ni kidonda kilichofunikwa kikiwa bado na usaha. Maji ya nyumbani kwa kawaida huwa na presha ya baa 2 hadi 4. Baa 3 ni sawa na uzito wa maji yaliyosimama wima mita 30, na uzito huo wote unasukuma kutoka ndani kwenda nje, yaani unaibandua silikoni badala ya kuikandamiza. Silikoni ni ya kuziba mwanya kati ya beseni na ukuta, mahali ambapo maji hurukia tu. Haishiki kwenye chuma chenye unyevu, na hata pakiwa pakavu huiva polepole, milimita 2 au 3 kwa siku. Aliyepaka saa nne asubuhi akafungulia maji saa nne na nusu amepaka uji.

Sasa mbona jointi hiyo huwa kavu wakati fundi anaondoka? Mara nyingi ni kwa sababu koki kuu hakuifungua yote. Ameifungua robo. Maji yanatoka bombani, presha ikiwa ndogo kwa sababu yanatiririka, bibi anashukuru, fundi analipwa. Usiku watu wakiwa wamelala, maji hayatumiki, presha ndani ya mabomba inapanda mpaka kamili, na jointi inaanza kulia. Mwenye nyumba naye, akiona maji yanatoka kwa uvivu tangu siku ile, anadhani ni mgawo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumuuliza fundi anayefunga mkoba wake ni kama koki kuu imefunguliwa mpaka mwisho, kisha mtu aizungushe kwa mkono wake mwenyewe athibitishe.

Jointi ya hesi (mikato ya kukazia kwa kuzungusha) inayovuja haipakwi kitu kwa nje. Inafunguliwa. Maji yanafungwa, koki ya chini kabisa ndani ya nyumba inaachwa wazi ili maji yaliyobaki yatoke, jointi inazungushwa mpaka iachane, na tepe ya zamani ya kuzuia maji inasuguliwa yote kwa brashi ya waya. Hapo ndipo hesi zinaonekana kama bado nzima au zimeliwa na kutu. Zikiwa zimeliwa, tepe haitasaidia hata ukizungusha roli zima. Kipande kinakatwa na kubadilishwa.

Tepe yenyewe ni nyembamba na nyeupe, na watu wengi hudhani kuizungusha ni jambo la kubahatisha. Sivyo. Shika kipande chenye hesi za nje, ncha yake ikikutazama wewe. Acha hesi ya kwanza wazi ili vipande vya tepe visiingie ndani ya bomba na kwenda kuziba kichujio cha koki. Zungusha kwa kufuata mshale wa saa, ukiivuta kidogo mpaka uone umbo la hesi likijichora juu ya tepe. Kwa bomba la nusu inchi, mizunguko 3 hadi 5 inatosha kama tepe ni nene. Ile nyepesi sana inaweza kuhitaji 8. Ukizungusha kinyume, kila unapokaza unaifungua tepe, inajikusanya kwenye shingo ya jointi kama utando wa buibui, na hesi zinabaki tupu. Jointi ya namna hiyo inaweza kukaa kavu wiki nzima kwa sababu tu imekazwa kwa nguvu. Na kinyume chake, tepe ikizidi kwenye soketi ya plastiki, mtu akikaza kwa spana ndefu soketi inapasuka mstari mwembamba wa nywele usioonekana mpaka maji yaanze kuuchora.

Tepe pia haiwekwi kila mahali. Mpira wa kuunganishia wenye washa ndani yake huziba kwa ile washa. Nati ya kukaza yenye pete ya shaba huziba kwa pete inayolibana bomba. Ukiona tepe imezungushwa hapo, aliyefunga alikuwa hajui kinachozuia maji ni nini, na wewe anza kutilia shaka kazi yake yote. Mipira hiyo ya kuunganishia, ile iliyosukwa kwa waya wa chuma kwa nje, ikazwe kwa vidole kisha spana iongeze robo ya mzunguko. Ikipindishwa au kusokotwa nyuma ya choo, mpira wa ndani unachoka, na siku ukipasuka hautoi tone, unatoa mto. Kwa mtu asiyeweza kufika haraka kwenye koki, huo ni mpira wa kubadilishwa kabla haujazeeka. Kutu kwenye suko la waya au nati ni ishara tosha.

Mabomba ya plastiki ya kuchomelea, yale ya PPR, yana matatizo yake. Mashine ya kuchomelea inatakiwa kuwa na joto la nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linakaa kwenye joto sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Kisha ndani ya sekunde chache linasukumwa moja kwa moja bila kuzungushwa, na linashikwa bila kutikiswa. Likiachwa dakika 2 hadi 4 lipoe, linakuwa kitu kimoja. Anayelipua hufanya mambo mawili. Ama huchoma kwa moto wa wazi kwa kuwa hakuja na mashine, ngozi ya nje ikaungua na ya ndani ikabaki baridi, au hupasha kwa muda mrefu na kusukuma kupita kina (kwa bomba la milimita 20 kina ni kama milimita 14), plastiki iliyoyeyuka ikajikunja ndani na kufinya tundu. Mteja anapata jointi isiyovuja na maji yasiyofika bafuni.

Kosa baya zaidi katika ukarabati, tofauti na nyumba mpya, ni kuchomelea bomba lenye maji. Koki kuu ya zamani haizibi sawasawa, tone moja linaendelea kuja, fundi anachoka kusubiri, anachomelea hivyo hivyo. Tone linageuka mvuke, mvuke unaacha vishimo kwenye plastiki laini, na vishimo hivyo hukaa kimya ndani ya ukuta miezi kadhaa. Pale ambapo maji hayakatiki, dawa ni kutumia unioni ya kukaza kwa nati na kuiacha mahali inapofikika, siyo kulazimisha moto. Au kwanza ibadilishwe hiyo koki kuu, ambayo ndiyo ilitakiwa kubadilishwa tangu mwanzo. Ukuta nao usipigwe lipu siku hiyo hiyo. Uachwe wazi saa 24 maji yakiwa na presha kamili. Tunajua shimo ukutani linaudhi, hasa kwa mgonjwa aliyelala chumba hicho, lakini ni afadhali shimo la siku moja kuliko kubomoa marumaru mwezi ujao.

Koki inayodondosha maji. Hapa kanjanja hubadilisha mpira na kuondoka, na kwa wiki mbili mambo yanakuwa shwari. Kisha inaanza tena, naye anaitwa tena, analipwa tena. Mara nyingi tatizo halikuwa mpira bali kiti chake, ile duara ya shaba ambayo mpira huikalia. Maji yaliyopenya kwa miaka yameichimba mfereji, na mpira mpya unakatwa na ukingo huo. Ukiingiza kidole na kupapasa utasikia mkwaruzo. Kiti kinasawazishwa kwa kifaa chake maalumu cha kusaga, au koki inabadilishwa nzima. Ushauri wa "kaza zaidi, bibi" ndio unaotuudhi kuliko yote: mtu mwenye baridi yabisi vidoleni anaambiwa atibu ubovu wa koki kwa viungo vyake vinavyouma. Mtu kama huyo anahitaji koki ya mkono mrefu inayofunga kwa robo ya mzunguko, na kwa fundi kuiweka si kazi ngumu kuliko kuweka ile ya zamani.

Kudondosha kunapimika. Weka kikombe chini ya koki, ngoja dakika 10. Zikipatikana mililita 100, hizo ni lita 14 na ushee kwa siku, lita 432 kwa siku 30. Hesabu hiyo ifanywe kabla fundi hajagusa kitu na irudiwe baada ya wiki, na ubishi utakwisha.

Chooni ndipo maji mengi hupotea bila mtu kugundua. Tangi la choo linalovuja kwa ndani halilowanishi sakafu. Maji yanateremka kwenye bakuli kama uzi na kwenda zake. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji kwa dakika 20, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana huko, mpira wa chini umekakamaa au umekalia uchafu. Kama maji yanamwagikia kwenye bomba la kufurikia lililo ndani ya tangi, floti, yaani boya linalofunga maji, imewekwa juu mno. Ishushwe mpaka maji yasimame kama sentimita 2 na nusu chini ya mdomo wa bomba hilo. Ni marekebisho ya bisibisi na dakika tano, na tangi zima halihitaji kubadilishwa. Kwa asiyeona, sikio linasaidia: usiku pakiwa kimya, choo kizima hakitoi sauti yoyote.

Bakuli la choo lenyewe lina habari yake, na hapa tunaomba wasomaji watuvumilie. Fundi mwenye haraka hulikalisha bakuli juu ya saruji na kulizungushia saruji nyingine. Linaonekana imara. Saruji haichezi, kauri haichezi, sakafu inacheza kidogo, na baada ya muda bakuli linapata ufa chini ambako halionekani. Halafu ubaya wa pili: halitoki bila kuvunjwa, kwa hiyo mpira wa kuliunganisha na bomba la maji machafu ukichakaa, choo kizima kinakwenda jalalani. Kinachotakiwa ni mashimo yaliyotobolewa kwa mashine, bolti zenye washa za plastiki zinazokazwa kwa zamu, kushoto kidogo, kulia kidogo, na mpira mpya wa kuunganishia kwa nyuma. Silikoni hapa inaruhusiwa, kwa pande tatu. Nyuma paachwe wazi, ili mpira ukivuja maji yatoke yaonekane badala ya kukusanyika chini na kuozesha kila kitu.

Haya ni muhimu kwa kila nyumba, lakini mzee hakikalii choo kama kijana. Hujiachia akikaa, na husukuma upande mmoja akiinuka. Anayehama kutoka kiti cha magurudumu huweka uzito wote pembeni. Bakuli linalotikisika milimita mbili kwa kijana si kitu, kwa mzee huyo ni anguko. Beseni la kunawia lililo karibu pia hugeuka mkongojo: kila siku mtu hulishika akijivuta kusimama. Likiwa limening'inizwa kwa skrubu mbili na plagi za plastiki za kushikia skrubu kwenye tofali lenye uwazi, litang'oka, na kauri iliyovunjika hukata kama kisu. Kwenye ukuta wa namna hiyo bolti ipitishwe mpaka upande wa pili na kuwekewa bamba la chuma, au beseni liwe na mguu wa kulibeba, na pembeni kifungwe chuma cha kushikia kinachojitegemea. Fundi ana wajibu wa kuuliza mteja anainukaje, hata kama aliitwa kwa ajili ya koki tu.

Tumefika kwenye hita, na hapa kulipua kunaweza kuua. Hita ya tangi ina vali ndogo ya usalama, kwa kawaida mahali maji baridi yanapoingia au juu ya tangi. Kazi yake ni kufunguka presha inapozidi. Nyingi huwekwa kwenye baa 6 hadi 10, na nyingine hufunguka pia joto linapokaribia nyuzi 100. Maji yakipashwa hupanuka. Lita 100 zikitoka nyuzi 15 hadi 65 zinaongezeka karibu lita 2, na kama kuna vali isiyoruhusu maji kurudi nyuma, na hakuna tangi la upanuzi, lita hizo zitatafuta pa kutokea. Ndiyo maana vali hudondosha maji hita inapowaka. Hilo peke yake si ubovu.

Mzee anaona maji yanadondoka, anamwita fundi, fundi anaiziba kwa kifuniko cha chuma. Sakafu inakauka, kila mtu anafurahi. Tangu siku hiyo kilichobaki kuzuia mlipuko ni thamostati, yaani kidhibiti joto. Ikikwama ikiwa imewaka, maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa, na tangi likipasuka sehemu yake inageuka mvuke papo hapo. Lita moja ya maji ikigeuka yote hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Dari na ukuta haviwezi kuzuia hilo. Vali inayodondosha hata hita ikiwa imezimwa na imepoa ina moja ya mambo mawili: uchafu kwenye kiti chake, au presha ya maji yanayoingia ni kubwa mno. La kwanza hutibiwa kwa kuinua kishikizo chake maji yatoke kwa nguvu kidogo, na ikishindikana vali hubadilishwa. La pili hutibiwa kwa kifaa cha kupunguza presha kwenye bomba la kuingilia. Hakuna tatizo la tatu ambalo dawa yake ni kifuniko. Bomba la kutolea maji ya vali literemke lote, lisiwe na koki, lisiwe na hesi kwenye ncha yake ili asitokee mwerevu wa kulifunika, na liishie mahali panapoonekana pasipopita mtu.

Joto nalo lina pande mbili, na mafundi wengi wanajua mmoja. Ndani ya tangi maji yanatakiwa kufika nyuzi 60 ili bakteria wa legionela wasistawi, na wagonjwa wa mapafu na wazee ndio wanaodhurika zaidi na bakteria hao. Lakini maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa takriban sekunde 5. Ngozi ya mzee au mtoto ni nyembamba, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni hatajua kama anaungua. Kushusha thamostati mpaka nyuzi 45 si suluhisho, ni kubadilisha hatari. Tangi libaki 60, na karibu na bafu ifungwe vali ya kuchanganya maji inayojirekebisha, iwekwe kama nyuzi 41 hadi 43, ipimwe kwa kipimajoto kwenye mdomo wa bomba, siyo kwa kiwiko cha fundi. Vali nzuri ya aina hii hukata maji ya moto yenyewe endapo ya baridi yatakatika ghafla. Hilo nalo lijaribiwe mbele ya mteja kwa kufunga koki ya baridi.

Kuna hatari nyingine isiyozungumzwa. Katika nyumba za zamani zenye mabomba ya chuma, mtandao wa umeme huenda umeegemea mabomba hayo kwa ajili ya ethi, yaani njia ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini. Fundi akikata kipande kilichooza na kuweka plastiki katikati, ameikata ethi bila kugusa waya hata mmoja. Hita ikipata hitilafu, bomba la chuma lililobaki upande wa ndani linakuwa na umeme, na anayelishika amesimama kwenye sakafu iliyolowa. Kabla ya kukata, umeme uzimwe na waya wa ethi utafutwe. Ukionekana umefungwa kwenye bomba, fundi umeme aitwe kwanza.

Kwenye maji machafu tutapita haraka. Bomba lililopinda chini ya sinki halikupindwa kwa urembo: maji yanayobaki hapo, kama sentimita 5, ndiyo yanayozuia harufu na mende. Anayeweka mpira wa mikunjo ulionyooka badala yake amefungua dirisha la chooni jikoni. Mteremko wa bomba la sinki uwe kama sentimita 2 kwa kila mita. Na tafadhali, asije mtu kumwaga asidi au magadi makali kwenye bomba lililoziba akaondoka. Kama haikuzibua, dawa imesimama mle ikimngoja mtu atakayefungua baadaye, na mzee akiongeza dawa ya kuua vijidudu yenye klorini juu ya asidi, gesi inayotoka inachoma mapafu. Waya wa kuzibulia na pampu ya mkono ni polepole, ila haviachi mtego nyuma.

Tunasikia mafundi wenzetu wakisema: mteja hana hela ya kazi kamili, tumfanyeje? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Kiraka si dhambi. Klempu ya chuma yenye mpira, ikifungwa vizuri kwenye bomba lililotoboka, inaweza kumpitisha mtu salama mpaka apate fedha. Hata kipande cha tyubu kilichobanwa kwa waya ni halali kwa usiku mmoja. Kinachofanya kiraka kiwe ulaghai ni kukipiga lipu na kukiita matengenezo. Kiraka kibaki wazi, kiandikwe tarehe kwa kalamu nzito juu ya bomba lenyewe, na mteja na ndugu yake waambiwe waziwazi kwamba hicho ni cha muda. Kwenye hita hakuna kiraka. Inazimwa mpaka itengenezwe.

Wanaolipa kwa niaba ya wazee, yaani watoto walio mbali, wenye nyumba, vikundi vya kusaidiana na nyumba za ibada, nao wana sehemu yao. Ukimlipa fundi kwa kila anapoitwa, umemlipa ili jointi ivuje tena. Mlipe kwa mafungu mawili. La kwanza ni la vifaa na sehemu ya ufundi. La pili lisubiri wiki moja. Kabla ya la kwanza kutoka, omba vitu vichache: picha ya kila jointi kabla haijafunikwa, vipuri vya zamani vilivyotolewa viachwe kwenye kisanduku kwa mteja, na maji yaachwe kwenye presha kamili nusu saa huku tishu kavu ikipitishwa kwenye kila jointi iliyoguswa. Tishu inaonyesha unyevu ambao jicho halioni, na asiyeona anaweza kuipapasa mwenyewe. Koki kuu ionyeshwe kwa mwenye nyumba, naye aifunge na kuifungua kwa mkono wake; asipoifikia akiwa kitini, au ikiwa nzito kwake, kazi haijaisha. Fundi anayekasirika kwa kuombwa hayo aachwe aende.

Fungu la pili liamuliwe na mita. Mtu yeyote, hata mtoto wa jirani, asome namba zote usiku watu wanapolala, zile nyeusi na zile nyekundu, aziandike kwenye karatasi pamoja na saa. Asubuhi azisome tena kabla hajatumia maji mtu yeyote na kabla choo hakijavutwa. Kama nyumba ina tangi la akiba, lijazwe kwanza na koki yake ifungwe, maana tangi likijaa usiku litaizungusha mita na kumsingizia fundi. Ikionekana tofauti, zifungwe koki za choo na za hita kwa zamu, usiku mmoja moja, mpaka mita isimame. Ile iliyofungwa usiku mita iliposimama ndiyo inayoelekea penye kuvuja, na fundi arudi na tochi yake.

Wako,
Mafundi bomba, wasomaji wa gazeti hili